Wivu Niliouchora Ukutani

Kama wiki hii umeambiwa kwamba kifua chako kina ugonjwa usiosikia dawa za kawaida, na kwamba utameza vidonge kila asubuhi kwa miezi mingi mbele ya macho ya muuguzi, ninaandika kwa ajili yako. Habari za dawa utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitakueleza jambo ambalo kliniki hakuna aliyenitajia: mapafu yanaweza kuwa yanapona wakati wivu unakumaliza, na utaona aibu kumwambia mtu, kwa sababu mgonjwa anatakiwa kushukuru tu.

Jina langu ni Astrida. Hapa Nchelenge, mji wetu wa kando ya ziwa, wananiita Bana Mulenga, yaani mama wa Mulenga, kwa jina la binti yangu mkubwa. Nilikuwa na miaka arobaini na nne. Kazi yangu ilikuwa kununua chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kuwaanika mchangani na kuwauza kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo. Nilianza kukohoa maembe yalipokuwa yakiiva. Nikasema ni vumbi, halafu nikasema ni moshi. Serikali ilipofunga uvuvi, kama ifanyavyo kila mwaka ili samaki wazaane, na ufuo ukawa kimya, nikawa ninajisikia nikikohoa mwenyewe pale mchangani, na nguo zangu zote zilikuwa zimenipwaya. Nikaenda kupimwa kliniki, na majibu yalitoka katikati ya mvua.

Muuguzi wetu wa kifua, Sista Grace, alinielekeza polepole mara mbili. Nilale peke yangu, dirisha wazi, mdomo umefunikwa, mpaka makohozi yatakapokuwa safi. Mume wangu ni fundi wa boti. Anaziba panapovuja, anapaka rangi, anaandika majina ubavuni. Nyuma ya nyumba alikuwa na chumba cha kuwekea vyombo vyake. Alitoa mbao na misumari, akaacha makopo ya rangi yaliyobaki kwa sababu hakuwa na pa kuyapeleka, akaniwekea kitanda. Chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama uani. Pale uani ndipo maisha ya nyumba yangu yote yalipofanyika: kupika, kufua, kusuka nywele, kusoma masomo ya shule. Niliyaona yote kama mtu aliyekaa ng'ambo ya mto.

Siku ya tatu ya dawa alifika mdogo wangu Judith kutoka Puta, mahali pengine kando ya ziwa hili. Sisi tulizaliwa Pweto, upande wa Kongo, tukavuka na mama yetu tulipokuwa wasichana. Mimi nikaolewa hapa, yeye akabaki Puta na mama mpaka mama alipofariki. Alikuwa na miaka thelathini na tano, hana mume, ana shamba lake la mihogo na kiti chake katika kwaya. Mume wangu alimpigia simu mara moja tu na akaja. Alishuka na mkeka na mfuko mmoja, akasimama mbele ya dirisha langu, akasema, akiniita dada mkubwa kwa lugha ya kwetu, "Yaya, nimefika. Usihangaike na kitu." Nililia kwa furaha. Nataka ujue hivyo, ili uelewe kwamba wivu haukuwa ndani yangu tangu mwanzo.

Uliingia kwa nywele. Mwape, binti yangu mdogo, alikuwa na miaka minne, na kila mara nilipomsuka alilia na kukimbia. Wiki ya pili nilimwona amekaa katikati ya magoti ya Judith, ametulia, anahesabu vidole vyake, wakati Judith anamsuka mistari myembamba kuliko yote niliyowahi kumsuka. Walipomaliza, Mwape alikuja dirishani kunionyesha. Alikuwa amekatazwa kusogea karibu, kwa hiyo alisimama hatua kumi mbali akageuza kichwa huku na huku. Nikamwambia amependeza. Kisha nikalala nikageukia ukuta.

Baada ya hapo kila kitu kilinichoma. Mulenga, mwenye miaka kumi na mmoja, alianza kumpelekea Judith madaftari yake. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, nilimsikia akicheka uani, kicheko ambacho mimi sikuwa nimekisikia tangu nianze kuumwa. Jirani mmoja alipita akatania kwa sauti kwamba fundi amepata bahati, mke mmoja chumbani na mwingine jikoni. Kwetu watu hutania hivyo kuhusu mdogo wa mke, na zamani haukuwa utani. Mke akifa, mdogo wake aliweza kuwekwa mahali pake. Wote walicheka. Judith naye alicheka. Mimi nilianza kuhesabu: nguo yangu ya kitenge aliyoivaa, sufuria yangu aliyoihamisha upande wa pili wa moto, Mwape aliyeteleza ulimi akamwita mama na hakuna aliyemsahihisha.

Asubuhi nilikwenda kliniki kumeza vidonge. Sisi wa ugonjwa huu tulikuwa na benchi letu nje, chini ya bati, mbali na wengine. Akina mama waliobeba watoto walituzunguka kwa mbali. Mwenzangu wa benchi alikuwa mzee mmoja mvuvi wa Kilwa, kisiwa kilichomo ziwani mwetu, niliyemwita Ba Chomba kwa heshima, ambaye alilazimika kupanga chumba huku bara kwa ajili ya dawa. Hakuwa na mtu wa kumpikia. Alinionea huruma kwa sababu dawa zilinitapisha, nami nilimwonea wivu kwa sababu hakuna aliyekuwa anakalia nafasi yake nyumbani. Unaona ugonjwa unavyoweza kupinda akili.

Siku uvuvi ulipofunguliwa tena, ufuo ulijaa kelele na Judith akawapeleka watoto kuangalia boti zikishuka majini. Ilikuwa ni kazi yangu ya kila mwaka kuwapeleka. Niliwasikia wakienda wanaimba. Nikainuka kitandani nikiwa nimekasirika kiasi cha kutaka kuvunja kitu, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa kopo la rangi ya kijani. Nilifungua kifuniko kwa kijiko, nikachukua brashi ngumu ya mume wangu, nikaipiga ukutani. Nikapiga tena. Sikuwa ninachora. Katika maisha yangu sikuwahi kushika brashi. Hata kupaka kuta za nyumba udongo nilimlipa mtu. Lakini mkono ulipokwenda, mstari ule wa kijani ulipanda, ukakonda pale rangi ilipoisha, na mwisho wake ukawa kama nywele. Nikasimama nikiuangalia. Nikaona upande wa kulia panadai kitu. Nikatafuta kopo la bluu.

Waliporudi ilikuwa mchana na mimi sikuwa nimesikia wakati ukipita. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Judith afike kwamba nusu siku nzima sikuangalia dirishani.

Sista Grace alinusa rangi juu yangu kesho yake kabla sijakaa. Alinigombeza kweli. Kifua kama chako, aliniambia, halafu unakivutisha mafuta ya boti. Alitaka makopo yote yatolewe siku hiyohiyo. Nilimsihi kama mtoto, akanitazama kwa mshangao, nadhani kwa sababu hata vidonge sikuwahi kuvilalamikia hivyo. Mwisho alisema niache ya mafuta kabisa. Kama lazima nipake, nipake kitu kisicho na harufu, na dirisha liwe wazi.

Hivyo nikageukia udongo. Mulenga aliniletea udongo mwekundu wa kichuguu na ule mweupe wa kando ya kijito, akaviacha mlangoni. Mkaa nilikuwa nao. Majivu yalikuwepo. Niliponda vipande vya tofali juu ya jiwe, polepole, nikipumzika kila baada ya dakika chache kwa sababu pumzi ilikuwa fupi. Mwalimu wa Mulenga alitupatia mabaki ya rangi ya maji kutoka shuleni. Alipokuja kuyaleta alichungulia dirishani, akauliza nimechora nini. Nikamwambia si kitu. Alitazama muda mrefu, kisha akasema kuna watu mijini ambao hiyo ndiyo kazi yao, kuchora rangi bila sura ya kitu chochote, na watu husimama mbele yake wakanyamaza. Sikujua kama niamini. Ila jioni hiyo nilikula chakula chote.

Baridi ilipoingia, mwili wangu ulianza kubadilika rangi. Mojawapo ya dawa hufanya hivyo. Sista alikuwa amenionya, lakini kuonywa si sawa na kuona. Uso na mikono vikawa vyeusi vyenye wekundu, kama tofali lililokaa sana tanuruni. Nyayo ziliwaka usiku na mchana. Ba Chomba hakuguswa na hilo, alibaki na rangi yake. Isitoshe makohozi yake yalikuwa yamesafika tangu mwezi wa nne na yangu bado. Siku alipopewa habari yake njema alinipa mkono kunifariji. Niliutazama mkono wake nikauchukia.

Uani, Judith alikuwa amenenepa. Ngozi yake ilingʼaa kwa mafuta ya mawese, na jua la baridi lilimpenda. Tulifanana tangu utotoni, watu walituita mapacha waliopishana miaka, na sasa nilimwangalia kama mtu anayeangalia picha yake ya zamani. Niliegemeza mkono wangu ukutani, nikaanza kuitafuta ile rangi mpya ya ngozi yangu. Unga wa tofali ulikuwa mwekundu mno. Mkaa uliua kila kitu. Ilinichukua siku tisa kuipata, kwa udongo wa kichuguu, mkaa kidogo, na maji ya majani ya chai. Nilipoipata niliipaka pana, kutoka kona mpaka usawa wa dirisha, na juu yake nikaweka weupe mwembamba, karibu na chini nikaweka njano iliyokuwa ikichafuka. Sikuweza kusema ni nini. Lakini nilipokaa kitandani nikautazama ukuta ule, niliona kwamba ni kweli, na kwamba hakuna mtu mwingine Nchelenge ambaye angeweza kuufanya. Judith asingeweza. Hilo nililisema moyoni kwa maneno kamili, na lilikuwa tamu.

Watu walianza kusimama dirishani. Wateja wa mume wangu walikuja kuona boti wakaletwa nyuma waone ukuta. Wengine walicheka, mmoja aliuliza kama ugonjwa umenipanda kichwani, mwanamke mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kenani alisimama pale mpaka chai yake ikapoa, akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu kwamba hajui kwa nini, lakini anamkumbuka mama yake. Judith alipita na ndoo nyuma yao. Hakuwahi kusema neno lolote kuhusu ule ukuta. Nilidhani haelewi.

Mwezi wa saba, siku moja ya upepo mkali, Sista Grace alinifuata mwenyewe hadi benchini akasema makohozi yangu ni safi, kwa mara ya pili mfululizo. Naweza kulala nyumbani. Naweza kumshika mtoto. Nilitembea kurudi kwa miguu ile iliyowaka, nikikaa kila baada ya nyumba tatu, nikicheka peke yangu.

Habari zilikuwa zimenitangulia kwa simu. Judith alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mikono yake myeupe mpaka kwenye viwiko. "Yaya, nimesafisha chumba yako," alisema. "Sasa inangʼaa."

Alikuwa amekipaka chokaa. Kuta zote nne. Kazi ya miezi minne ilikuwa chini ya weupe ambao ulikuwa bado mbichi, na pale penye rangi ya ngozi yangu palionekana doa la waridi lililokuwa likififia kadiri chokaa ilivyokauka.

Nilimuuliza nani amemtuma. Akasema hakuna mutu. Mume wangu alikuwa amesimama hapo, watoto pia. Maneno niliyoyabeba tangu mvua yalitoka yote kwa mara moja. "Ulikuwa unangojea nife uingie kwa kitanda yangu," nilimwambia. "Umekuta sikufi. Sasa unafuta mahali nilikuwa."

Judith alifungua kile kitenge changu alichokuwa amejifunga juu ya gauni lake, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kigoda. Alinawa mikono. Kabla ya saa tisa alikuwa ameshapanda gari la Puta na mkeka wake. Mwape alimkimbilia akilia mpaka barabarani, na nilipomshika, mtoto niliyekuwa sijamgusa kwa miezi saba, alinisukuma kifuani kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimerudishiwa nyumba yangu na sikuwa na nguvu za kuishika. Ndoo ya maji ilinishinda. Mulenga alianza kukosa shule ili afue. Mwape hakutaka kusukwa wala kulala karibu nami; alisema ninanuka dawa, na ilikuwa kweli. Chumba cheupe sikukiingia. Mume wangu alisubiri wiki mbili. Halafu, tukiwa tumekaa kwenye boti moja iliyopinduliwa, alinieleza mambo ambayo Judith alikuwa amemwomba asiniambie. Kwamba alipimwa kifua mara tatu, na kila mara alikwenda akitetemeka, kwa sababu mama yetu alikufa kwa kukohoa mikononi mwake. Kwamba mwanamume mmoja wa kwayani alikuwa amemposa kabla tu ya mimi kuugua, akangoja miezi mitatu, akaoa kwingine. Kwamba shamba lake la mihogo limeliwa na nguruwe wa watu. Mimi nilimuuliza kwa nini alikuwa akicheka naye. Alifikiri, akasema walikuwa wanaogopa wote wawili, na mtu hawezi kuogopa kutwa nzima.

Sista Grace alinipa vidonge vya wiki moja na barua kwa kliniki ya Puta. Nikamchukua Mwape tukaenda.

Judith alikuwa mbele ya nyumba, anamenya mihogo. Alimpokea mtoto kwanza. Mwape alimng'ang'ania shingoni, na mimi niliyekuja kuomba msamaha nilisikia wivu ukinipanda palepale, mpya kabisa. Nilikaa chini. Niliomba radhi kwa yale niliyosema juu ya kitanda. Nikasema najua hakufikiria mabaya, alitaka kunisafishia tu, hakujua maana ya ule ukuta.

"Nilijua," alisema Judith.

Aliendelea kumenya. Alisema aliupaka chokaa akijua anachofanya, na aliuanza na ile rangi ya tofali, kwa sababu ndiyo watu waliyoipenda. "Nilikuwaka na wivu, yaya."

"Wivu ya nini? Nilikuwa ninakufa."

"Ulikuwaka na chumba. Ulikuwaka na dirisha. Kila mutu anapita anauliza Bana Mulenga amelalaje. Unachora vitu hakuna mutu alikuomba, na batu banasimama banaangalia. Miye nilipika mara tatu kila siku. Hakuna mutu alisimama kuangalia ile chungu."

Nilikumbuka jinsi nilivyosema moyoni kwamba Judith asingeweza, na nikaona kwamba alinisikia, si kwa masikio. Alimenya mpaka mihogo ikaisha. Mwisho nilimuuliza nimfanyie nini. Nilikuwa tayari kumwambia nitamfundisha kuchanganya udongo, kwamba tutachora pamoja, maneno mazuri ya namna hiyo. Hakunipa nafasi. Alisema anataka kulala mchana na mtu yeyote asimwite.

Alilala siku tatu. Aliamka kula, akarudi mkekani. Mimi nilipalilia kile kipande cha shamba kilichobaki, safu moja asubuhi na moja jioni, nikimeza vidonge vyangu katikati. Nilichota maji nusu ndoo nusu ndoo. Mwape alitaka kumwamsha kila saa, nami nikamzuia, na kwa kukosa mtu mwingine alianza kunifuata mimi shambani. Siku ya nne alikaa mbele yangu mwenyewe akasema nywele zinamuwasha. Mistari yangu ilikwenda upande, kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Hakulia.

Siku ya kuondoka, Judith alitusindikiza mpaka mlangoni tu. Nyumba yake ilikuwa na ukuta mmoja mpana wa udongo unaotazama ziwa, aliokuwa ameusawazisha kwa mkono mwaka uliotangulia, laini kama ngozi ya mtoto. Wiki nzima nilikuwa nimepita mbele yake. Jua la asubuhi lilipoupiga nilikuwa nikiona pale ambapo weusi ungeanzia, na jinsi wekundu ungeshuka kuufuata. Alikuwa ameniona nikitazama.

"Huu ni wangu," alisema. "Uache hivi."

Nilimaliza dawa maembe yalipokuwa yakiiva tena. Ngozi yangu inarudi polepole, kuanzia shingoni. Katika chumba cha nyuma ninachora sasa kwenye vipande vya mbao za boti, na watu bado wanauliza ni nini. Wivu haujaisha, ila nimejifunza kuusikia ukija, kama nilivyojifunza kukisikia kile kikohozi. Kila nikienda Puta napeleka unga na sabuni, nalima kidogo, tunakula. Halafu Judith analala, na mimi nakaa nje na mikono yangu magotini, nikiutazama ule ukuta mtupu mpaka aamke.